Robo ya Juu, Upande wa Nje

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa dawa wala bandeji. Nilipewa pini. Nilikuwa nimetoka shule ya wauguzi na diploma yangu ya sekondari, koti jeupe bado lina mikunjo ya dukani, nikapangwa wodi ya upasuaji katika hospitali ya kampuni hapa Likasi. Sista Mkuu wa wodi, mtawa mfupi ambaye hukumsikia akija, alinisimamisha kando ya kitanda cha mchimbaji aliyeangukiwa na jiwe mgodini.

"Weye mupya, kuya hapa," alisema. "Anza ku vidole vya muguu. Choma kidogo, muulize kama anasikia. Panda polepole."

Nilichoma vidole, mtu yule akawa anatazama dari tu. Nikapanda gotini, pajani, kinenani. Nilipofika karibu na kitovu akasema, "Hapo." Sista akachukua kalamu, akapiga mstari wa wino juu ya ngozi yake, kutoka ubavu mpaka ubavu.

Tulipotoka kwenye korido aliniuliza nimeelewa nini. Nikasema miguu yake imekufa.

"Hapana. Miguu yake iko mizima. Ubongo wake uko muzima. Njia ndiyo ilikatika katikati. Ubongo unatuma, miguu inangoja, hakuna kitu kinafika."

Vijana wanaosoma uuguzi siku hizi wana picha za rangi kwenye simu zao. Sisi tulijifunza hivyo, kwa pini na wino, na nitaeleza kama nilivyoelezwa. Ubongo umekaa ndani ya fuvu kama kitu kilichofungiwa sandukuni. Sehemu yake kubwa ndiyo inayofikiri, kukumbuka na kuagiza. Nyuma, juu ya kisogo, kuna ubongo mdogo, unaotufanya tutembee bila kuyumba. Chini yake kuna shina la ubongo, linaloshika pumzi na mapigo ya moyo hata tukiwa usingizini. Kutoka kwenye shina hilo inashuka kamba ya mgongo. Ni laini, unene wake haufiki kidole cha mtu mzima, nayo inapita ndani ya tundu la pingili za mgongo zilizopangwa moja juu ya nyingine. Kati ya pingili na pingili inatoka mishipa ya fahamu, mmoja kulia, mmoja kushoto. Msiichanganye na mishipa ya damu. Ndani ya mshipa wa fahamu hakuna damu inayotembea. Zimo nyuzi nyembamba mno, nyingine zinapeleka amri kwenye misuli, nyingine zinarudisha habari za maumivu, joto na mguso.

Mnene kuliko yote ni siatiki. Mizizi yake inatoka chini ya mgongo, inajikusanya nyongani, inapita ndani ya tako, inashuka nyuma ya paja. Karibu na goti inagawanyika. Tawi moja linazunguka nje ya goti na kwenda mbele, kwenye misuli inayoinua mguu ili vidole visiburute tunapotembea. Kwa hiyo ukiumiza kitu kwenye tako, unaweza kuua kitu kwenye kidole gumba cha mguu. Kumbukeni sentensi hiyo, maana mimi niliijua tangu ujana wangu, na siku iliyohitajika nikasema kinyume chake.

Sista Mkuu hakuruhusu mtu ashike bomba la sindano katika wodi yake kabla ya kuchora tako. Alitupa karatasi na kusimama nyuma yetu. Wauguzi wa kike wakacheka, nami nikacheka pamoja nao.

"Mucheke muishe," alisema. "Nilishaona vijana ba diplome banatoboa bantu sawa vile banatoboa mufuko ya makala."

Makala kwetu ni mkaa. Kisha akatufundisha mipaka. Juu ni ukingo wa mfupa wa nyonga, ule unaoushika ukiweka mkono kiunoni. Chini ni mkunjo unaotenga tako na paja. Ndani ni mfereji wa katikati, nje ni ubavu wa nyonga. Ndani ya mipaka hiyo unapiga msalaba, unapata robo nne. Sindano inaingia robo ya juu, upande wa nje, mbali na njia ya siatiki. Robo nyingine ni marufuku.

"Na funua yote," alisema. "Kama hauone mipaka yote, hauko na robo. Uko na nyama tu."

Nilikaa chini yake miaka mingi, na katika miaka hiyo sikuumiza mtu.

Baadaye nilihamishiwa zahanati ya Kambove. Mkuu wa zahanati alikuwa muuguzi mkongwe, mcheshi, mwenye mikono ya haraka kuliko wote niliowahi kuwaona. Pale ndipo nilipojifunza tabia ambazo hazikuwa kwenye daftari la shule. Huku kwetu mgonjwa akipewa vidonge anaona amefukuzwa. Anataka shindano, ndivyo tunavyoita sindano, na anaitaka takoni. Kwa watoto wadogo Sista alituambia tutumie paja, upande wa mbele, kwa sababu siatiki iko nyuma. Lakini mtoto aliyechomwa pajani anachechemea siku ile kwa maumivu, na akina mama wakawa wanasema yule infirmier wa paja hajui kazi. Infirmier ndiyo muuguzi, na kila mmoja wetu alitaka kuitwa infirmier wa mkono mwepesi.

Kulikuwa pia na haya ya kufunuliwa. Mama alilegeza kitenge upana wa kiganja, basi. Siku za kwanza nilimwomba mmoja ashushe zaidi, akanitazama kama mtu aliyemtukana. Mkuu wa zahanati akaniita pembeni.

"Kijana, kama unafunua kila mama mpaka ku mukunjo, utamaliza hii mulolongo lini? Na bwana yake akikuja hapa na fimbo, minye siko."

Wauguzi waliomsikia wakacheka. Nikaanza kuchoma penye nafasi iliyofunuliwa. Ile nafasi ya kiganja ndiyo niliyoigawa kwa nne, kichwani mwangu, na robo yake ya juu ndiyo niliyoiita robo ya juu. Mtu mzima ana nyama, na bahati ilinibeba miaka mingi. Niliiona bahati ile kuwa ndiyo ufundi.

Kazi yangu ya mwisho ilikuwa kituo cha afya upande wa Kamatanda, chini ya bosi tuliyemwita Titulaire, yaani muuguzi mkuu wa kituo. Niliishi mtaani pamoja na watu, na muuguzi akiishi mtaani anakuwa wa mtaa mzima. Wanakuja mlangoni saa yoyote, unabeba kisanduku chako, unakwenda. Kukataa ni kiburi.

Jirani zangu walikuwa Papa Donat, aliyenunua mawe ya shaba kwa wachimbaji wadogo na kuyauza tena, na mkewe Mama Régine. Walikuwa watu wa kanisa la maombi, waimbaji, wakarimu. Mama yake Donat aliishi nao. Tulimwita Kambo Feliste, maana kambo kwetu ni bibi au babu. Yeye alibaki Mkatoliki, anakwenda misa ya alfajiri peke yake, na jambo hilo Mama Régine hakulipenda sana, ingawa hawakugombana. Mtoto wao wa mwisho, Solange, alikuwa bado hajaanza shule. Alilala na kambo yake, alikula sahani moja naye.

Jumapili moja mchana Donat alikuja kuniita. Solange alikuwa na homa kali, anatapika kila kitu, na niliona mara moja kuwa ni malaria. Nilipaswa kumpeleka kituoni tumtundikie dripu ya kwinini. Lakini Jumapili kituo kilikuwa na mtu mmoja tu wa zamu, na Mama Régine alisema, "Papa Infirmier, mupige shindano hapa hapa, tunakuamini."

Nilipenda kuaminiwa. Nikavuta kwinini kwenye bomba.

Mtoto alikuwa amekaa mapajani mwa mama yake, kifua kwa kifua, amejikunja. Alikuwa mwembamba, homa ilikuwa imemkausha. Mama Régine alivuta chupi chini kidogo. Mtoto akapiga mateke, nikamwambia bibi, "Kambo, shika miguu." Kambo Feliste akapiga magoti, akashika ile miguu miwili kwa mikono yake. Nikatafuta robo ya juu katika kile nilichokiona. Mtoto aliyejikunja, aliyefunuliwa nusu, tako lake lote limevutika na kuhama. Palipoonekana juu palikuwa katikati.

Solange alipiga ukelele ambao haukuwa wa sindano. Kila muuguzi anajua tofauti. Nikachomoa, nikasugua na pamba, nikasema amekuwa mwoga.

Homa ilishuka kesho yake. Keshokutwa yake Donat aliniita tena, safari hii bila haraka. Mtoto alikuwa amesimama sebuleni ameshika kiti. Mguu wa kulia ulining'inia kutoka kwenye kifundo. Kila akiuinua, vidole vilibaki chini, akalazimika kupandisha goti juu kama mtu anayevuka dimbwi.

Kambo Feliste ndiye aliyezungumza kwanza, kwa upole, bila kunilaumu.

"Papa Infirmier, ni tangu ile shindano. Muguu iliruka mu mikono yangu, kisha ikalala. Nilisikia."

Nililijua jibu kabla hajamaliza. Niliiona siatiki yote mbele ya macho yangu, kuanzia nyongani mpaka kwenye kidole gumba. Na watu watatu walikuwa wananitazama, pamoja na mama wengine wawili waliokuwa mlangoni. Nikatabasamu.

"Kambo, shindano iko ku tako, muguu iko chini. Shindano inaweza kushuka mpaka ku vidole?"

Mama mmoja mlangoni akacheka. Kambo akainamisha uso. Mama Régine hakucheka. Alimtazama mtoto, akamtazama mama mkwe wake, akauliza polepole:

"Sasa kama haiko shindano, ni nini?"

Nilisema tungoje.

Kesho yake nilimweleza Titulaire ukweli wote, hata jinsi mtoto alivyokaa. Hakuwa mtu mbaya. Alifunga mlango, akakaa juu ya meza.

"Ulibaambia?"

"Bado."

"Basi, usibaambie kwanza. Ukisema, kesho hii mtaa yote itakataa shindano, hata chanjo, na batoto batakufa. Neva inarudiaka. Ngoja."

Ni kweli kwamba mshipa wa fahamu unaweza kurudi. Ukiumizwa bila kukatika, nyuzi zake zinaota upya, lakini zinaota taratibu sana, na safari ya kutoka takoni mpaka mguuni ni ndefu. Wakati wa kungoja, mguu lazima ufungwe kibao kinachouweka wima, unyooshwe kila siku, la sivyo kano ya kisigino inakaza na mguu unagandia pale ulipoinama. Mimi na Titulaire tulilijua hilo pia. Lakini kumfunga mtoto kibao kungehitaji kueleza kibao ni cha nini. Nikangoja bila kibao. Sauti ya Titulaire ilinifaa kwa sababu ilisema nilichotaka kusikia, na sitamtwika yeye kilicho changu.

Swali la Mama Régine halikungoja. Nyumba isiyo na jibu hujitafutia. Walikwenda kwenye maombi. Pastor akauliza nani analala na mtoto. Wakasema kambo. Akauliza nani alishika mguu. Wakasema kambo. Akauliza nani alikuwa wa kwanza kusema mguu umekufa, kabla hata infirmier hajaujua. Kila kitu alichofanya bibi yule kwa upendo, na kile kimoja alichofanya kwa sababu nilimwagiza, kikawa ushahidi juu yake. Mvua zilipoanza alikuwa ameshaondolewa Likasi. Alipelekwa Mulungwishi kwa binti yake mdogo, na bunda moja la nguo. Nilimwona akipanda lori. Aliniamkia.

Usiku huo sikula. Asubuhi nilikwenda nyumbani kwa Donat, nikawaomba wakae, nikawaeleza kama nilivyowaeleza ninyi. Nilijigeuza, nikaonyesha juu ya mwili wangu mwenyewe njia ya siatiki, kuanzia nyonga mpaka goti, kutoka goti mpaka kidole. Nilisema ni mkono wangu.

Donat alinisikiliza mpaka mwisho, akacheka bila furaha.

"Siku ile ulituambia tako iko juu, muguu iko chini. Leo kuko kamba katikati? Ile kamba iliota lini?"

"Ilikuwapo. Nilisema uongo."

"Infirmier hasemake uongo mbele ya mugonjwa. Ni sasa ndiyo unasema uongo, juu ya kumuhurumia muzee."

Na Mama Régine, ambaye alikuwa analia, akanishika mkono. "Papa Infirmier, uko na roho muzuri. Usibebe muzigo ya mulozi."

Mulozi ni mchawi. Kwa heshima niliyojijengea kwa maneno yangu ya kwanza, maneno yangu ya pili hayakupata pa kuingia. Niliwaomba basi angalau wanipe mtoto nimfunge kibao. Pastor alikuwa amewakataza kufunga kitu juu ya mguu unaoombewa. Waliponiruhusu, kisigino kilikuwa kimeshakaza.

Nilikwenda Mulungwishi. Kambo Feliste alikuwa anachambua maharage kwenye ungo, nje ya jiko la binti yake. Niliomba msamaha nikiwa nimesimama, kwa sababu hakuniambia kukaa.

"Soso anatembea?" aliuliza, akimtaja Solange kwa jina la nyumbani.

"Anatembea. Anaburuta."

"Anaangukaka?"

"Mara moja moja."

Alichambua kidogo. "Mwambie mama yake asimuvalishe ndala. Ndala inatoka ku huo muguu. Amununulie kiatu ya kufunga."

"Kambo, niliwaambia ukweli. Hawakuamini."

"Utasema tena," alisema. "Minye sina sauti mu ile nyumba. Weye bado unayo."

Nilisema tena. Nilisema Noeli, nilisema Pasaka, nilisema siku Solange alipopokea cheti cha shule ya msingi. Ikawa kama desturi ya mzee mwenye wazimu kidogo. Donat alinipa kiti, akanipa soda, akaniacha niseme. Hakuna aliyekwenda Mulungwishi.

Nilistaafu. Kituo kilinifanyia sherehe, Titulaire akasifu mkono wangu mwepesi, nami nilikaa pale na kusikiliza. Kisha Kambo Feliste akafa, kulekule Mulungwishi. Donat alikuja kuzika, akatupa udongo, akasimama mbali na wengine. Solange alikuja na mume wake, mwanamke mzima sasa, amevaa viatu vya kufunga. Mama Régine alikuja pia, kwa ajili ya macho ya watu. Pale kwenye matanga niliomba ruhusa ya kuzungumza, nikasema yote mbele ya waombolezaji.

Nilipomaliza, Solange alisimama. Alisema daktari mmoja wa Lubumbashi alishamweleza zamani, kwamba ule ni mguu wa sindano, na kwamba yeye Solange alikuwa amemwambia mama yake siku ileile. Watu wakamgeukia Mama Régine. Nilimtazama nami, na kwa mara ya kwanza nikaona amekubali. Alitikisa kichwa kuitikia.

"Ndiyo," alisema kwa sauti ya chini. "Ilikuwa shindano. Najua. Lakini Papa Infirmier alishapiga bantu mashindano maisha yake yote, hakukosea hata siku moja. Siku ile nani alisukuma mukono yake?"

Solange alikaa chini akajifunika uso kwa kitenge. Bibi alikuwa ndani ya kaburi, na ukweli wangu, nilioubeba miaka yote, ulikuwa umepokelewa na kugeuzwa kuwa wa kumshitaki.

Mnaosoma haya mkiwa na koti jipya, siwezi kuwafundisha kitu ambacho hakimo vitabuni mwenu. Mlazeni mtoto kifudifudi. Mfunueni yote, hata mama akinuna. Kama ni mdogo, tumieni paja. Na mguu ukilegea, semeni mbele ya wote waliopo, wakati huohuo, kabla swali halijatafuta mtu mwingine. Mimi nilidhani naficha kosa la mkono. Kosa la mkono lilikuwa la mguu mmoja. La mdomo lilichukua nyumba nzima.

Bado tunaishi mtaa mmoja. Mama Régine akinikuta barabarani anaweka chini anachobeba, ananipa mikono miwili, anapinda goti kidogo, ananiuliza kama nimelala vizuri. Anasema watoto wa siku hizi hawana infirmier kama mimi. Zamani alimsalimia mama mkwe wake hivyohivyo, kila asubuhi, bibi akitoka misa. Nampa mikono yangu. Sijui niifanye nini.